Huruma Isiyonigharimu

Kuna uongo mmoja niliousema msituni ambao umenikaa moyoni kwa muda mrefu. Naomba msomaji wangu anisaidie kuupima.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kutembea kulizunguka Ziwa Duluti, pale Tengeru, kilomita chache mashariki ya mji wa Arusha. Ni ziwa dogo la kreta, eneo lake kiasi cha hekta 60, katika miteremko ya chini ya Mlima Meru. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Maji yake ni ya chini ya ardhi na ya mvua. Limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio mwembamba kama mshipi, hekta 20 hivi tu. Ukiwa ndani yake, kima wakirukaruka juu na kenge wakiota jua kando ya mafunjo, waweza kudhani umefika porini. Kumbe nyuma ya miti hiyo kuna migomba, kahawa na nyumba za watu. Nilikuwa nimelipa kiingilio na kubeba chakula changu. Nia yangu ilikuwa kuzunguka polepole mara mbili, nipumzike katikati, nirudi nyumbani jioni.

Katika mzunguko wa kwanza, mahali njia inapopinda, nilimkuta mama mmoja mzee akiburuta mti mchanga alioukata. Panga lilikuwa mkononi, na majani ya mti yalikuwa bado mabichi. Sote wawili tulishtuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akaongeza bila kuulizwa, "Mkaa umenishinda bei. Na wajukuu hawali maneno."

Sikuwa na la kusema. Nikampisha, akapita.

Haikutimia nusu saa nikakutana na mlinzi wa msitu, kijana mwenye adabu. Aliniamkia, kisha akauliza, "Mzee, huko ulikotoka hukuona mtu anakata miti?"

"Sikuona mtu," nikamjibu.

"Asante, mzee wangu," akasema, akageuka na kushika njia nyingine.

Nikaendelea na matembezi yangu nikiwa na furaha. Nilijiona mtu mwenye huruma. Nilikaa juu ya gogo, nikala mkate wangu nikitazama maji. Lakini katika mzunguko wa pili nilipita pale pale, nikakiona kisiki. Kilikuwa cheupe, kimelowa utomvu. Hapo furaha ikapungua, maswali yakaanza.

Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Katika msitu wa hekta 20, kila mti ukikatwa pengo lake huonekana. Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo wa kuta zile za kreta. Msitu ukiisha, mvua itaushusha udongo ziwani. Nami nikiwa nimemruhusu mmoja, kwa haki gani nitamkataza wa pili, na wa mia?

Hata hivyo, siwezi kusema kwamba ningemkamatisha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata mti katika hifadhi bila kibali, lakini sheria haipiki ugali. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni nia njema. Ila chungu cha mama yule kilikuwa kinangoja jioni ile ile.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nimelifikiri sana, na naona halikuwa katika kumhurumia. Lilikuwa katika kuchagua huruma iliyo rahisi kuliko zote. Mfukoni nilikuwa na fedha za kutosha kununua mkaa wa juma zima. Sikutoa hata senti. Nilimpa mti, na mti haukuwa wangu. Ukarimu wa mali ya watu hauumi, ndiyo maana ulinifurahisha upesi.

Kijana yule naye nilimdhulumu. Nilimhukumu moyoni kuwa hana huruma, nikamnyima nafasi ya kuionyesha. Huenda naye ana bibi anayepikia kuni. Ningeweza kumwambia, "Nimemwona, ni mama mzee. Twende tukazungumze naye, na mkaa wa leo nitanunua mimi." Maneno hayo yangenigharimu fedha na aibu kidogo. Uongo haukunigharimu kitu.

Jioni nilipotoka nilimkuta getini. Akanipungia mkono, nami nikampungia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sikuitumia.

Nimerudi Duluti mara mbili baada ya siku ile. Mama yule sijamwona tena. Kisiki nimekiona: kimechipua vitawi viwili vyembamba. Nilitaka kujifariji navyo, nikaona hata hivyo si vyangu.