Watalifikiria

Kuna sauti ambayo ukifanya kazi Japani utaijua kabla hujajua kuagiza chakula. Mtu anavuta hewa katikati ya meno, polepole, kichwa kikiinama upande mmoja. Ssss. Kisha anasema "chotto...", yaani "kidogo...", na sentensi inaachwa hapo ining'inie. Hakuna kinachofuata. Hiyo ni hapana. Si labda, si tupe muda. Ni hapana kamili, imevaa suti tu.

Niliisikia mwaka wa 2017 katika chumba cha mikutano Osaka, nikiwa nimekaa kati ya wanunuzi watatu na mama mmoja kutoka Embu mwenye kiwanda kidogo cha makadamia. Mimi ndiye niliyekuwa broka. Nilikuwa na miaka 26, nimemaliza masomo huko huko, na huyu mama alikuwa mteja wangu wa kwanza wa maana. Alikuwa akinilipa shilingi elfu 30 kila mwezi nimtafutie soko. Mkubwa wa wale wanunuzi akavuta hewa, akainamisha kichwa, halafu akamalizia kwa maneno mawili ya adabu: kentō shimasu. Mama akanigeukia.

"Wamesema aje?"

"Wamesema watalifikiria."

Neno kwa neno, hiyo ndiyo tafsiri. Fungua kamusi yoyote. Na kwa miezi saba tafsiri hiyo sahihi ilimla yule mama pesa. Alirudi Embu akachukua mkopo kwenye Sacco, akaongeza mashine ya kupasulia maganda, akanunua makadamia ya wakulima kwa bei ya mtu anayesubiri oda kubwa.

Kila baada ya wiki chache kuna kijana hunitumia meseji: "Msee, nifanye nini ndio niomoke huko Asia?" Anataka orodha. Sawa. Kadi ya biashara unaipokea kwa mikono miwili na unaisoma kabla ya kuiweka. Vijiti vya kulia husimamishi wima ndani ya wali, maana hivyo ndivyo hufanywa kwenye matanga. Seoul ukinywa mbele ya mkubwa wako, geuza uso pembeni. Guangzhou, ngoja mwenyeji akuonyeshe pa kukaa. Haya yote utayajua kwa mchana mmoja. Kinachochukua miaka ni kusikia ambacho hakikusemwa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku utakapokijua, kuna mtu utakuwa umeanza kumdai au kumwia deni.

Wajapani wana neno, nemawashi. Asili yake ni kazi ya bustani: kabla ya kuhamisha mti mkubwa, unachimba kuzunguka mizizi mapema, unauzoesha safari. Ofisini maana yake ni kwenda kwa kila mhusika faragha, mmoja mmoja, kabla ya mkutano, ili siku yenyewe asiwepo wa kushtuka. Kwa hivyo mikutano mingi huko si ya kuamua. Ni ya kutangaza kilichokwisha kuamuliwa. Sisi tulikuwa tumeingia pale bila kugusa mzizi wowote, na mimi nilijua. Nilimwacha mama afungue sampuli zake mezani, viini vyeupe, vizima, vimepangwa kwa ukubwa, akieleza kwa fahari jinsi anavyovikausha. Wale wazee wakaonja, wakasifu. Kusifu nako kulikuwa sehemu ya mazishi.

Hakuwa ameota tu kwenda Japani. Wajapani wanaijua makadamia tangu zamani, wengi kupitia zile chokoleti za zawadi kutoka Hawaii, na wananunua viini vilivyokwisha kupasuliwa. Wachina wanapenda kuyala yakiwa na maganda. Na kwetu sheria ya mwaka wa 2013 inakataza kuuza nje makadamia ghafi bila ruhusa ya maandishi ya waziri. Kwa mtu wa kiwanda cha kupasulia, Osaka ilikuwa hesabu nzuri. Ilikosa tu mtu wa kumwambia ukweli.

Baadaye nilihamia Guangzhou, mji wenye yale maonyesho makubwa ya bidhaa yanayofanywa masika na vuli tangu mwaka wa 1957. Huko adabu ina ucheshi zaidi. Ukipeleka ombi ofisini wanaweza kukuambia yanjiu yanjiu, "tutalichunguza." Wachina wenyewe hucheka, kwa sababu matamshi hayo yanakaribiana sana na "sigara na pombe", na mwenye masikio anaelewa kile ambacho kingeharakisha uchunguzi. Kiwandani, ukiuliza kama mzigo utakuwa tayari Ijumaa, jibu ni mei wenti, hakuna shida. Waulize watu wanaoagiza mali ya Kamukunji na Eastleigh wamesikia hiyo hakuna shida mara ngapi.

Wengi wao hurudi Nairobi wakisema Wachina ni waongo na Wajapani ni wanafiki. Mimi hapo nakataa. Nimelelewa Mombasa. Pwani ukipita watu wakila barazani watakuambia "karibu", na wewe utajibu "starehe" ukiendelea na safari yako. Ukikaa chini unawe mikono kweli, utapewa chakula, na utasemwa hadi Likoni. Kuna aliyedanganya hapo? Kyoto wana mzaha wao maarufu: mwenyeji akikuuliza kama ungependa bubuzuke, wali uliomiminiwa chai, maana yake kusanya viatu vyako uende. Na sisi wa Nairobi, ambao husema "niko hapa Globe, nakaribia" tukiwa bado bafuni na sabuni masikioni, tuna haki gani ya kumuita mtu mnafiki? Anayekungoja naye anajua. Ndiyo maana hajatoka kwake.

Wajapani hutofautisha honne, yaliyo moyoni, na tatemae, yanayosimamishwa mbele ya watu. Wageni husikia hapo ukweli na uongo. Si hivyo. Tatemae inayoeleweka na pande zote mbili haimdanganyi yeyote. Inampa mtu nafasi ya kukataliwa bila kuvuliwa nguo hadharani. Ni ukarimu, tena mkubwa. Ukinunua makadamia katika duka la Guangzhou, mengi huja na maganda yaliyokatwa mstari kwa msumeno, na ndani ya pakiti kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kuyafungulia. Yule mzee wa Osaka alimpa mama njugu akidhani ufunguo umo ndani ya pakiti. Ufunguo ulikuwa mimi. Nikakaa mfukoni.

Kwa hivyo swali langu silo la wao. Swali ni la mtu wa katikati, anayejua lugha mbili na adabu mbili, anayelipwa kwa sababu hiyo hasa. Nilijitetea kwamba kazi ya mkalimani ni maneno, mengine si yake. Pia niliwaza: nikimwambia wamekataa, atawageukia awaulize "kwani mmekataa?", wale wazee wataaibika, na mlango ambao nilitaka kuupitia kwa miaka 20 utafungwa siku hiyo. Hii ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo iliyonifanya nilale usiku. Sababu ya mwisho nilichukua muda mrefu kuitaja hata kwangu mwenyewe. Ilikuwa elfu 30 kwa mwezi. Matumaini yake ndiyo yaliyokuwa mshahara wangu.

Kuna kisa katika Mazungumzo ya Confucius. Mtawala mmoja alijisifu kwamba kwao kuna mtu mnyoofu kiasi kwamba baba yake alipoiba kondoo, alitoa ushahidi dhidi yake. Confucius akamjibu kwamba kwao wanyoofu si wa hivyo: baba humfichia mwana, mwana humfichia baba, na unyoofu umo humo. Nilikipenda kisa hiki, nikakitumia kama mto wa kulalia. Uhusiano kwanza, ukweli baadaye. Lakini kisome vizuri. Pale mezani ni nani aliyekuwa wangu? Wanunuzi walikuwa wamenipa kikombe cha chai ya kijani. Huyu mama ndiye aliyekuwa akinilipia kodi ya nyumba. Kama ni kufichiana, nilimfichia mgeni nikamwacha wa nyumbani.

Ukikimbilia kwa Wazungu nako hupati pa kujificha. Kant aliandika mwaka wa 1797 kwamba hupaswi kudanganya hata muuaji akibisha mlangoni akimtafuta rafiki yako. Mtu mkali. Ila huyo huyo, miaka 3 kabla, alipokatazwa na mfalme wake kuandika juu ya dini, aliahidi kunyamaza "kama raia mtiifu wa Mtukufu Mfalme", na mfalme alipokufa akaeleza kwamba aliyachagua maneno hayo kwa makusudi, ili ahadi ife na mfalme. Kila neno lilikuwa kweli. Kama "watalifikiria" yangu. Yeye lakini alikuwa akimkwepa mfalme. Mimi nilimfanyia hivyo mama wa Embu.

Mwenzangu mmoja kazini Seoul aliniambia tatizo ni kwamba yule mama hakuwa na nunchi. Ni neno la Kikorea la kupima hali ya chumba kwa jicho, na husema nunchi ya mtu ni ya haraka, hawasemi ni nzuri. Biashara ni ya watu wazima, akasema, angechunguza mwenyewe. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nimemwona huyo mama akifanya kazi. Anajua kwa jinsi mkulima anavyotua gunia kwamba ndani kuna makadamia yaliyochumwa kabla ya kukomaa. Hajaligusa bado. Nunchi yake ni ya haraka kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Haikuvuka mpaka tu, na alikuwa amenilipa niivushe.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia mama yangu mzazi kwa simu, "Disemba nakuja." Naye alijibu, "Sawa mwanangu, Mungu akipenda," na wala hakununua mbuzi. Kati yetu sioni dhambi. Angenunua mbuzi, basi.

Mwaka uliofuata nilikuja kweli, na siku ya tatu nikapanda matatu kwenda Embu. Nilimkuta kiwandani akichambua viini kwenye trei. Mashine mpya ilikuwa imefunikwa gunia. Nikamweleza kila kitu: ile hewa katikati ya meno, ile chotto, kwamba nilijua kabla hatujaingia kwenye lifti.

Mikono yake haikusimama. "Ulijua siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuchambua. Nikatoa bahasha, nikaiweka mezani, nikasema ni ile ada ya miezi saba, elfu 210, na kwamba najua haifiki popote karibu na bei ya mashine. Hakuiangalia. Alimwita msichana wa jikoni, akamwambia alete chai, kisha akanivutia kiti.

"Kunywa chai kwanza, kijana wangu."

Chai ikaja, ya maziwa, imejaa hadi ukingoni. Nimelipwa miaka mingi kujua maana ya maneno kama hayo. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili nikashindwa kujua kama chai ile ilikuwa ya kukaa au ya kuondoka. Nikainywa polepole. Yeye akarudia trei yake, na bahasha ikabaki mezani kati yetu.