Ni Nani Amestaafu?

Kwa kawaida mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60. Je, ufagio nao hustaafu? Sisi wazee wawili wa Tabora tuliona aibu: mmoja wetu alikwenda kutazama mpira Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, mwingine akabaki na maji, kuni na vyombo. Jambo hili si geni Unyamwezi. Katika misafara ya zamani ya kwenda Ujiji, wanawake nao walifuatana na wapagazi. Wanaume walipotua mizigo, wao waliwasha moto wakapika. Sasa twaosha vyombo pamoja, kisha twaenda mpirani pamoja. Pumziko linalomlemea mwenzako si pumziko. Nyumbani kwenu je, ni nani amestaafu?