Rudi Ukalale

Eli alikuwa ameanza kupofuka. Kila ninaporudi kwenye sura ya tatu ya Samweli wa Kwanza, hapo ndipo ninapokwama, na sisi tunaoishi Jericho, ambako majina ya Biblia yameandikwa hadi kwenye vibao vya matatu, hurudi huko hata bila kukusudia. (Jericho na Jerusalem za hapa Makadara, Nairobi, zinapakana; unaweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa.) Mwalimu haoni sawasawa, taa ya hekalu haijazimika bado lakini usiku ni mzito, na mvulana aliyekabidhiwa anasikia jina lake likiitwa. Anamkimbilia mzee. Mzee anamwambia hakumwita, arudi akalale. Yanatokea hayo tena. Mara ya tatu ndipo Eli anapong'amua, na hata hapo yeye mwenyewe hasikii kitu. Anachoweza ni kumwonyesha kijana namna ya kuitika.

Ninasimamia wanafunzi wa uzamifu, pamoja na watafiti wachache waliokwisha kuhitimu na bado hawajapata pa kutua, katika nadharia ya algorithimu na ukokotoaji wa DNA. Ni kazi isiyoelezeka upesi hapa mtaani. Mama anayeniuzia sukuma wiki aliwahi kuniuliza kama ndiyo ile ya kutafuta baba wa mtoto. Nikamjibu kwamba hizo ni mtu na binamu yake, tukacheka, akaniongezea nyanya.

Kwa wasiojua, mambo yalianza hivi. Mwaka 1994, huko Los Angeles, Leonard Adleman, mwanahisabati ambaye jina lake ndilo herufi ya mwisho katika RSA, ile hesabu ya kuficha siri inayotumika kwenye intaneti, aliamua kuingia maabara ya biolojia. Alikuwa profesa mwenye jina kubwa. Akakubali kufundishwa kushika vifaa kama mgeni yeyote. Akachukua swali moja. Kuna miji 7 na njia 14 za kwenda upande mmoja tu: je, ipo safari inayoanzia mji huu, ikaishia mji ule, na kupita kila mji mara moja? Kila mji akaupa uzi mfupi wa DNA wenye herufi 20, na kila njia akaipa uzi wa kuunganisha nusu ya mji mmoja na nusu ya mwingine. Akazichanganya ndani ya neli. Nyuzi zikatafutana zenyewe, zikashikana, na baada ya muda mfupi matrilioni ya safari yakawa yamo humo ndani. Karibu zote zilikuwa za upotovu. Kazi iliyobaki, iliyomla kama wiki nzima, ilikuwa kuchuja: kutoa zilizoanza pasipofaa, kutoa zenye urefu usiofaa, kutoa zilizoruka mji. Baada ya kuchuja, safari aliyoitafuta ikaonekana.

Wanafunzi wangu wakiyasoma makala ya Adleman hustaajabia ule wingi wa majibu. Mimi, kadiri miaka inavyokwenda, ninastaajabia ile wiki. Kushikana kulikuwa rahisi, nyuzi zilijifanyia. Kuchuja ndiko kulikohitaji mtu asiye na haraka.

Kuna mwingine aliyeitazama haraka kwa jicho la fizikia. Mwaka 1974 John Hopfield, yule aliyetunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2024 kwa kazi nyingine kabisa, alijiuliza swali ambalo kwangu limekuwa kama uradi. Ndani ya seli, vimeng'enya hujenga na kunakili kwa usahihi mkubwa, ilhali kipande sahihi na kipande kisicho sahihi hutofautiana kidogo tu. Kwa kupima mara moja, makosa yangekuwa mengi kuliko yanavyoonekana. Seli inafanyaje? Inachelewa. Kipande kikishashikwa, kunakuwa na kituo cha kati, kinacholipiwa kwa nishati, ambapo kipande hicho kinapewa nafasi ya kuachia. Kisichofaa huachia upesi, kinachofaa hudumu. Kama kupima mara moja kunapitisha kosa 1 katika 100, kupima tena baada ya kituo hicho kunaweza kulishusha hadi 1 katika 10,000. Na hakuna jicho jipya lililoongezwa. Mpimaji ni yule yule, mwenye uoni ule ule hafifu.

Hapo nilimwona Eli. Mzee asiyeona sawasawa, asiyesikia sauti, ambaye bado alifika kwenye ukweli kwa sababu alimrudisha mtoto akalale, akamrudisha tena, na kilichokuwa njozi tu kingekuwa kimekwisha kufikia mara ya tatu.

Watu hudhani msimamizi anajua jibu na analificha ili kijana akomae. Katika utafiti wa kweli msimamizi hajui. Mwanafunzi akiniletea uthibitisho mpya, tukiwa Jumamosi pale Maktaba ya Eastlands, tawi la ile ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931, ambalo shirika la Book Bunk limelikarabati miaka ya karibuni hadi mtu anaona raha kuketi humo, ninausoma nikihisi tu kwamba kuna mahali pamelegea au pamekaza. Kuhisi si kujua. Basi ninamwambia akae nao, tuonane Alhamisi. Wengine hukunja uso. "Prof, lakini hapa si iko sawa?" Labda iko sawa. Alhamisi itakuwa bado iko sawa. Na kama ilikuwa shauku ya Ijumaa usiku, Alhamisi atakuja mwenyewe na karatasi iliyokatwakatwa kwa wino, akianza kueleza kabla hajaketi.

Lakini Hopfield alisema jambo jingine, na hapa tafakuri zangu huacha kuwa tamu. Kusubiri kunatumia nishati. Seli inaulipia ule ucheleweshaji, na ikikosa cha kulipia, usahihi unapotea. Kumwambia kijana wa Maringo au Makongeni "kalale nalo" wakati kodi imefika tarehe tano na karo ya mdogo wake inamngoja, ni kumtuma kwenye kitanda kisichokuwepo. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 zilimdai mwanafunzi wa uzamifu achapishe makala mawili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Silaumu kanuni. Ila nimeona jinsi kanuni njema inavyoweza kugeuka mjeledi pale ambapo hakuna anayelipia subira.

Samweli alikuwa na pa kulala. Alikula hekaluni. Na mama yake, Hana, alimshonea kanzu ndogo akampelekea kila mwaka. Hii kanzu nimeifikiria sana nikipita Soko la Jericho, mahali ambapo ukisimama kidogo unasikia vyerehani kila upande. Fundi anayeshona sare ya shule hapo hukunja upindo mpana kwa ndani, kitambaa ambacho mtoto hatakivaa mwaka huu. Mama anakilipia leo. Mwakani fundi atafumua, suruali itashuka hadi kwenye kifundo, na mstari wa ule mkunjo wa zamani utabaki ukionekana kwa wiki kadhaa hadi upigwe pasi ya kutosha. Usimamizi mzuri ninaujua kwa upindo wake. Unampa mwanafunzi swali kubwa kidogo kuliko yeye wa leo, na unatafuta fedha za miezi ambayo haitaonyesha chochote.

Wapo waliolielewa hili mapema, tena hapa hapa Nairobi. Thomas Odhiambo alianzisha icipe, kituo cha sayansi ya wadudu, mwaka 1970, na mwaka 1983 ukaanza mpango wa ARPPIS wa kuwalea wanafunzi wa uzamifu kutoka nchi mbalimbali za Afrika: mtu anasajiliwa chuo kikuu, utafiti wake anaufanya icipe. Anashikwa pande mbili. Katika nadharia ya vigae vya DNA, yaani vipande vinavyojipanga vyenyewe, ambayo ndiyo mkate wetu wa kila siku, kanuni inayotupa nguvu zote ni hiyo. Kigae kilichoshikwa na jirani mmoja dhaifu hudondoka, kilichoshikwa na wawili hubaki, na juu yake kingine kinaweza kukaa. Ninapopokea mwanafunzi mpya siku hizi, namuuliza ni nani mwingine anayemshika: mke, kanisa, msikiti, rafiki wa ploti, dada aliye Doha. Swali hilo halimo kwenye fomu yoyote.

Jirani yangu, mzee aliyefundisha madrasa miaka mingi, nilipomsimulia habari za Eli aliniambia kwao yuko Musa na Khidhri. Musa anaomba kumfuata mjuzi ili ajifunze, naye anaonywa mapema kwamba hataweza kuvumilia. Kweli, mara tatu anashindwa kunyamaza: kwa jahazi, kwa kijana, kwa ukuta. Mzee alipofika kwenye ukuta alinyamaza kidogo, kisha akasema kinachomgusa ni kwamba mwalimu hakuondoka bila kueleza. Wakati wa kuagana alimfafanulia yote matatu. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu akikaribia kuhitimu ninaketi naye kumweleza kwa nini nilimrudisha nilipomrudisha, hata yale ambayo sikuwa na sababu zaidi ya kuhisi.

Hopfield naye alikuwa na mwanafunzi katika chuo cha Caltech, Erik Winfree, aliyemaliza uzamifu mwaka 1998 kwa tasnifu kuhusu DNA inayojipanga yenyewe huku ikikokotoa. Hiyo haikuwa njia iliyompa mwalimu wake umaarufu. Kijana alisikia sauti nyingine, akaruhusiwa kuifuata. Baadaye Winfree na Renat Bekbolatov walibuni vigae vinavyojikagua: kigae kikikaa vibaya, ujenzi unakwama hapo hadi kosa jingine lijitokeze, na katika kukwama huko kile kibaya kinapata nafasi ya kung'oka. Wazo la mwaka 1974 likawa limerudi, katika nyumba ambayo mwalimu hakuijenga.

Winfree naye akawa mwenyeji. Paul Rothemund alimaliza uzamifu wake chini ya Adleman, akaenda kwenye maabara ya Winfree kama mtafiti baada ya uzamifu, akakaa miaka, na mwaka 2006 jarida la Nature likachapisha kazi yake ya kukunja uzi mmoja mrefu wa DNA kwa nyuzi fupi zaidi ya 200 hadi ukawa nyota, pembetatu, na uso unaotabasamu. Neli hupashwa moto, kisha inaachwa ipoe taratibu. Ni katika kupoa huko ndipo nyuzi zilizokosea hupata kuachiana na kushikana upya. Juu ya makala hayo kuna jina moja tu, la Rothemund. Jina la mwenye maabara halimo. Ninawaonyesha wasimamizi wenzangu ukurasa huo wa kwanza bila kusema neno, maana kwetu na kwingineko jina la mkubwa huwekwa hata pale alipochangia funguo za chumba.

Sehemu ya hadithi ya Eli isiyohubiriwa sana ni asubuhi yake. Ujumbe aliopewa Samweli ulikuwa dhidi ya nyumba ya Eli mwenyewe. Mtoto akaogopa kuusema. Mzee ndiye aliyemwita, akamsihi asimfiche hata neno moja, na alipousikia hakubishana nao. Ninaamini ule ndio mtihani wa mwisho wa mwalimu, na hauna mtahini mwingine zaidi ya mwanafunzi.

Mmoja wa watafiti wangu, aliyehitimu na kubaki nami tukivisumbukia vigae pamoja, alinijia mwaka huu akiwa na maneno aliyoyabeba kwa muda. Tulitembea kutoka steji ya Hamza tukifuata Rabai Road, naye akizungumzia mvua, akizungumzia treni ya Makadara, akizungumzia kila kitu. Nikamwambia aseme.

Akasema vigae havimwiti tena. Kilifi, kwenye kituo cha KEMRI-Wellcome, kuna watu wanaosoma DNA ya vimelea vya malaria, na algorithimu alizojifunza kwangu anaziona zikifanya kazi huko kuliko hapa. Tayari alikuwa ameandika barua ya kuomba nafasi, hakuituma.

"Umelala nalo?" nikamuuliza.

"Tangu Desemba, Prof."

Nikamwomba nione barua hiyo. Ilikuwa na kosa la tahajia kwenye aya ya pili. Tulisimama kando ya kibanda cha mahindi, akalirekebisha kwenye simu, akaituma.