Asili ya Mambo: Ruhusa au Kizuizi?

Miongoni mwa masuala yaliyowashughulisha mafakihi wa Kiislamu kwa karne nyingi ni hili: jambo ambalo sheria haikuliamrisha wala haikulikataza, asili yake ni nini? Wengi wao walishika kwamba katika vyakula, mavazi, biashara na mengineyo ya maisha ya dunia, asili ni ruhusa mpaka ije dalili ya kuharimisha. Lakini katika ibada asili ni kujizuia mpaka ije dalili ya kuamrisha, kwa kuwa hapo mja yumo katika haki isiyokuwa yake, wala si juu yake kuizidisha au kuipunguza kwa kadiri ya matamanio yake. Naamini kwamba suala hili halikubaki ndani ya vitabu vya fikihi, bali leo linaamuliwa upya kila siku, aghalabu na vijana wasiojua kwamba wanaliamua, mbele ya kioo cha kompyuta, usiku wa manane, huku wateja wakilalamika kwamba huduma ya mtandao haifunguki.

Desturi ya zamani ya mifumo ya Unix, ambayo Linux iliirithi, ilisimama juu ya hiari ya mwenye mali: aliye na faili ndiye aamuaye nani aisome na nani aiandike, na juu ya wote yupo mtawala mkuu, aitwaye ruti, ambaye mbele yake hapana mlango uliofungwa. Desturi hiyo ilitosha maadamu waliotumia kompyuta moja walikuwa wakijuana. Walakini huduma ya mtandao, kama vile programu itoayo kurasa za tovuti au ile ipokeayo barua, haichagui wa kuzungumza naye. Kazi yake yote ni kuitikia wito wa wageni, na mgeni mmoja mwerevu akiona kasoro ndani yake, akaigeuza imtumikie yeye, basi kila alichokiweza mwenye programu ile naye amekwisha kukiweza.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika makala juu ya hifadhi ya habari ndani ya kompyuta, na katika misingi waliyoiweka umo huu, ambao wenyewe walikiri kuwa shauri lake lilitolewa na E. Glaser mwaka 1965: kwamba hukumu ya kuingia isimame juu ya idhini, si juu ya orodha ya waliokatazwa. Hoja yao yanipendeza kuliko hoja nyingi nilizozisoma katika elimu hii, kwa sababu inaitazama tabia ya makosa yenyewe. Mwenye kutunga sheria ni mwanadamu, naye atakosea. Lakini akikosea kwa kunyima, aliyenyimwa atakuja kulalama, na kosa litajulikana upesi na kurekebishwa, ilhali akikosea kwa kuruhusu, aliyepewa zaidi ya haki yake hatakuja kushitaki, na kosa litakaa kimya miaka mingi mpaka siku ya msiba. Basi yule asemaye kwamba kizuizi ni ukali usio na hekima na azingatie kwamba kizuizi ndicho kosa pekee lenye ulimi.

Msingi huo ndio uliotiwa katika SELinux, kazi iliyotolewa hadharani Desemba 2000 na idara ya usalama wa taifa ya Marekani, NSA, ikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003, na tangu toleo la 5.0 la Android, mwaka 2014, ikawa inatekelezwa kikamilifu ndani ya simu ambazo wengi wa wasomaji wangu wamezishika mikononi. Chini ya sheria hii kila programu iendayo na kila faili ina alama yake, na hakuna tendo la programu juu ya faili, wala juu ya poti ya mtandao, wala juu ya programu nyingine, linalopita ila limeandikwa katika sera kwamba linajuzu. Na jambo lililo kubwa zaidi ya hayo ni kwamba ruti naye yumo chini ya sheria: huduma iliyoanzishwa kwa jina lake haipati uwezo wake wote, bali ule tu iliopimiwa. Waliosoma habari za madola wanajua ni damu kiasi gani imemwagika duniani kwa ajili ya hilo moja, mtawala kuwa chini ya sheria.

Hapa huja pingamizi ambalo silidharau. Surat al-Hujurat imetutahadharisha na wingi wa dhana, na mtu mwema huona vibaya kumshuku mtumishi ambaye hajafanya kosa. Je, si dhuluma kumfungia milango huyu ambaye tangu alipoajiriwa hajaiba hata senti? Jawabu langu ni kwamba dhana ni hukumu juu ya moyo, na sheria tunayoizungumza haina neno lolote juu ya moyo. Mtazame wasii wa mali ya yatima: huchaguliwa kwa uaminifu wake, na pamoja na uaminifu huo fikihi haikumpa ruhusa ya kuiuza wala kuitoa zawadi mali ile apendavyo, bali ilimfunga katika maslahi ya yatima, wala hapana aliyesema kwamba kwa kumfunga hivyo imemwita mwizi. Mpaka uliwekwa kwa sababu mali si yake. Na huduma ya mtandao, hata ikiandikwa na mafundi hodari, haina kitu chake ndani ya seva ile. Kila ilicho nacho ni amana ya watu wengine.

Sasa na tuitazame hukumu yenyewe inavyotoka, maana mambo haya yakizungumzwa kwa ujumla tu hupotea maana. Fundi wa tovuti ameandika ukurasa ndani ya folda la nyumbani kwake, kisha akauhamisha kwa amri ya mv mpaka /var/www/html, mahali pa kurasa za watu wote. Anaufungua, anajibiwa kwa namba 403, yaani amekatazwa. Anatazama ruhusa za kawaida, za kusoma na kuandika, anaziona zote ni sawa. Mwenye subira atafungua daftari la ukaguzi, /var/log/audit/audit.log, na humo atakuta mstari mmoja uliojaa maneno: kwamba tendo la kusoma limekataliwa, kwamba aliyelitaka ni programu iitwayo httpd, yenye alama httpd_t, kwamba kilichotakiwa ni faili, jina lake index.html, yenye alama user_home_t. Na mstari huo una yote ambayo kadhi angeyauliza: nani ametaka, ametaka nini, kwa kitu gani, na kitu hicho ni cha nani. Ukurasa ule ulipohamishwa ulikwenda na alama yake ya nyumbani. Lau ungalinakiliwa badala ya kuhamishwa, ungalipokea alama ya mahali ulipofikia. Dawa yake ni amri moja, restorecon, irudishayo alama zinazostahiki mahali pale. Sheria haikukosea, huduma haikukosea, na hapana lililohitaji kulegezwa.

Lakini wako wasiokuwa na subira, nao ni wa namna zaidi ya moja. Yule aandikaye setenforce 0, amri iachayo kila tendo lipite bila kuzuiwa, na kwenda zake kulala hahitaji maneno mengi; amemfukuza mlinzi kwa kuwa alimwuliza swali. Wa kuogopwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yule adhaniaye kwamba ameitii sheria. Huyu huchukua chombo kiitwacho audit2allow, ambacho husoma makatazo yaliyomo daftarini na kutunga kanuni za kuyaruhusu, kisha huzitia kanuni zile katika sera bila ya kuzisoma. Katika kisa cha ukurasa wetu, chombo kile kingependekeza huduma ya tovuti ipewe njia ya kusoma vitu vyenye alama ya nyumbani, na kwa upande wa sheria hii faili zote za watu wote zilizo na alama ile zingekuwa wazi mbele yake kwa ajili ya faili moja iliyopotea njia. Na tuseme kwamba huduma ile ilikwisha kutekwa na adui, na yale makatazo yalikuwa ni majaribio ya mwizi kusoma nywila na kuandika mahali pasipo pake: hapo msimamizi anakuwa ameuchukua ushahidi wa jinai na kuugeuza kuwa hati ya ruhusa, akatia sahihi kwa mkono wake. Chombo hakina lawama, kwani kilifanya kilichoombwa, na mikononi mwa mwenye kusoma kinafaa sana. Taksiri ni ya aliyeiacha fatwa itolewe na kitu kisichojua nia wala hatima.

Mafakihi wana kanuni nyingine, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake: mwenye kufa njaa huruhusiwa kula kilicho haramu, lakini ale cha kumwokoa, asifanye karamu. Sijaona kanuni iliyowafaa wasimamizi wa seva kuliko hii. Programu ya tovuti inapohitaji kuifikia hifadhidata iliyo katika kompyuta nyingine, nayo ikazuiwa, ziko swichi mbili zinazoweza kuifungulia: moja, httpd_can_network_connect, huiachia ifike kwenye poti yoyote ya mtandao, nyingine, httpd_can_network_connect_db, huifungulia njia ya hifadhidata tu. Zote mbili zitamridhisha mteja anayelalamika, wala hatajua tofauti yake. Tofauti inabaki kati ya msimamizi na dhamiri yake, na kwa sababu hiyo hasa nasema kwamba hili si suala la ufundi peke yake.

Hata kulegeza kuna adabu yake. Sheria hii ina hali ya katikati, ambamo tendo linaachiwa lipite huku likiandikwa daftarini, nayo yaweza kuwekwa juu ya huduma moja, nyingine zote zikibaki chini ya ulinzi. Hali hiyo iliwekwa kwa ajili ya uchunguzi, na mwenye kuichunguza huduma ngeni anaihitaji. Kinacholaumiwa ni kuifanya makazi. Na aliyeizima sheria yote atakuta kwamba faili zinazozaliwa katika siku hizo hazina alama, na siku atakapotaka kurejea itambidi aziandike upya alama za mfumo mzima.

Nimesema mengi juu ya wajibu wa aliyezuiwa, nami sitakuwa na insafu nikinyamaza juu ya wajibu wa sheria kwake. Ndani ya sera zimo kanuni ziitwazo dontaudit, ambazo huzuia tendo na kuzuia pia habari zake zisiandikwe. Ziliwekwa kwa sababu ya haki: programu nyingi hugusa vitu zisivyovihitaji, na daftari lingejaa kelele mpaka la maana lisionekane. Lakini wakati mwingine huduma hukwama, daftari likawa jeupe, na msimamizi mwaminifu akahangaika akitafuta aliyemzuia asimwone, mpaka pawepo wa kumwambia kwamba amri ya semodule -DB huziondoa kanuni hizo kwa muda na kuyatoa makatazo yaliyofichwa. Wangapi wameizima sheria si kwa kiburi, bali kwa kuwa ilikataa kusema? Hukumu isiyosomwa mbele ya aliyehukumiwa humfundisha kuichukia mahakama. Kwa hiyo nawaomba wale wanaotunga sera za usalama, na wale wanaoandika vitabu vya kuwafundisha vijana wetu kazi hii, wafanye bidii kwamba kila katazo liache maandishi, na kwamba maandishi hayo yaweze kusomwa na msimamizi wa kawaida aliye peke yake kazini. Nao wasimamizi nawasihi wayasome kabla hawajaigusa swichi yoyote.