Njia ya Kwanza Siyo Njia ya Pekee



Ninyi mnaojiandaa kwa Ubatizo mmekwisha kujifunza ya kuwa Mungu alimjalia mtu akili na hiari. Basi tuulize: Je, mtu aliyepatwa na shida aweza kulifuata wazo la kwanza limjialo, akawa hana kosa?

Tutazame jambo lililo kwetu Katanga. Wakati wa mvua mbu huzidi, na malaria huingia nyumbani. Mtoto mchanga afariki. Matanga hayajaisha, nayo macho ya watu yamwelekea yatima anayelelewa humo: "Ndiye mchawi, afukuzwe!" Wazo hilo laja upesi, maana huzuni hutafuta wa kumlaumu. Nalo laonekana kuwa kweli kwa sababu hakuna lingine lililowekwa kando yake.

Sasa mkumbukeni Yosefu Mtakatifu, kama asimuliavyo Matayo katika sura ya kwanza. Alipotambua kwamba Maria ana mimba, njia ya kwanza ilikuwa wazi mbele yake: kumshitaki hadharani. Yosefu, kwa kuwa alikuwa mwenye haki, hakutaka kumwaibisha. Akatafuta njia ya pili: kumwacha kwa siri. Naye alipokuwa akiyawaza hayo, malaika akamjia katika ndoto na kumwonyesha njia ya tatu, ambayo yeye mwenyewe hakuijua: kumchukua Maria nyumbani kwake. Je, angalifuata hasira ya siku ya kwanza, Mama na Mtoto wangalipatwa na nini?

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kabla ya kumfukuza yatima, wazazi waulize hospitalini ni ugonjwa gani uliomwua mtoto. Watazame kama watoto hulala ndani ya chandarua. Wawaite wazee na katekista kwa shauri. Hasira ikiwa kali mno, bibi amtunze yatima kwa muda. Hizo ni njia nne, wala hakuna hata moja imwagayo chozi la asiye na kosa.

Kisha tuzipime: Ni ipi tuwezayo kuirudia tukiona tumekosea? Aliyepelekwa kwa bibi aweza kurudishwa. Lakini mtoto aliyefukuzwa usiku, akashika barabara ya malori pale Sakania, huenda asionekane tena. Hata sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 yamwadhibu amwitaye mtoto mchawi.

Labda mmoja atasema: "Kutafuta njia nyingi ni kusitasita, ni uhaba wa imani." La, ndugu yangu. Yosefu aliwaza kwanza, lakini alipoamka alitenda mara moja kama alivyoagizwa. Asiyewaza ila wazo moja hakuchagua, bali amesukumwa. Na aliyesukumwa hakuitumia hiari aliyopewa na Mungu.

Basi, shida ikibisha hodi, pigeni magoti kwanza, mtafute njia tatu au nne, ndipo mkate shauri.

Mtakatifu Yosefu, utuombee.