Adabu za Tumaini Mbele ya Mauti

Mauti ni faradhi juu ya kila kiumbe, na hakuna mlima wala mpaka wa nchi uwezao kuyazuia. Lakini namna ya kuyapokea tumeachiwa sisi wenyewe, na imani ya mtu hupimwa hapo kuliko katika wingi wa sala alizosali siku za neema. Nasaha hizi nawaelekezea hasa watu wa Tarakea na Rombo yote, nchi iliyo ubavuni mwa Mawenzi, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na kutazamana na Loitokitok ya Kenya, ambayo imeisikia Injili tangu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Kilema katika miaka ya mwanzo ya 1890, kisha wakasogea upande wa mashariki hata wakafika Mkuu kabla karne ile haijaisha. Leo ni nadra kumwona mtu wa huko akizikwa pasipo padre, mchungaji au katekista kaburini. Imani imeenea, ninalouliza ni kama adabu zake nazo zimeenea.

Kwanza, usimkataze mfiwa kulia. Yesu alipofika Bethania alijua kwamba baada ya kitambo kidogo angemwita Lazaro naye angetoka kaburini, na juu ya kujua hayo alilia mbele ya watu bila kuona haya. Basi yule anayemshika mjane bega na kumwamuru anyamaze kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu, anajifanya mcha Mungu kuliko Mwana wa Mungu. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wathesalonike waliofiwa, hakuwakataza huzuni; aliwakataza huzuni ya watu wasio na tumaini, na tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kutamka neno, na siku hizo ndizo walizomfaa. Balaa ilianza walipofumbua vinywa kumfafanulia sababu za msiba wake. Ukiingia msibani, sema pole, keti, au nenda nyuma ya nyumba uwasaidie akina mama kumenya ndizi na kuchochea moto. Huduma hiyo ni mahubiri tosha.

Fauka ya hayo, usimsemee Mungu. Mwezi Juni mwaka 1994, katika wilaya hiihii ya Rombo, bweni la Shule ya Sekondari ya wasichana ya Shauritanga liliungua usiku, wakafa wanafunzi wapatao 40. Ni mhubiri gani angeweza kumkabili mzazi wa mmoja wao na kumweleza kwa nini? Tumaini la Mkristo si elimu ya sababu. Ni kumtegemea Yeye aliyepita kaburini mwenyewe, na kuamini kwamba mtoto yule hakupotea machoni pake, hata kama sisi hatukupewa jibu tulilolitaka.

Maadamu watu hawaridhiki kukosa jibu, wako wanaolitafuta kwa mlango wa nyuma. Aghalabu matanga hayajaanuliwa, tayari mnong'ono umepita mgombani: nani alimwonea wivu marehemu, nani alimpa kinywaji, shangazi gani hakulia vya kutosha. Mtu aliyetoka kuimba habari za ufufuko hana ruhusa ya kurudi nyumbani akamtuhumu bibi kizee wa jirani kwa uchawi. Nasema hili kwa ukali kwa sababu naliona linavunja koo nyingi kuliko kifo chenyewe.

Wengine, kinyume cha hao, huuza tumaini kana kwamba ni kinga ya kutokufa. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Siwalaumu marehemu, kwani walisukumwa na shida za kweli, na wengi wetu tungeshikwa na shida hizo tungekimbia vilevile. Lakini wachungaji wa roho na wakumbuke kwamba Kanisa halikupata kuahidi njia ya kukwepa mauti. Liliahidi kwamba mauti hayana neno la mwisho.

Ama mgonjwa aliye karibu na safari, nasaha yangu ni asifichwe. Tuna desturi ya kumwambia mtu aliyekonda mpaka mifupa inaonekana kwamba wiki ijayo atakuwa shambani, naye kwa heshima yetu huitikia, na hivyo pande zote mbili zinadanganyana hata pumzi inakatika. Mwite padre mapema ampake mafuta matakatifu, wala usingoje mpaka amepoteza fahamu. Na kama ni Mlutheri, mchungaji amletee meza ya Bwana angali na uwezo wa kuitikia. Waitwe pia wale aliogombana nao. Wachagga walikuwa na jani la isale, ambalo mtu aliyejiwa nalo kwa kuombwa msamaha aliona fedheha kukataa. Sioni kwa nini jani hilo lisiingie chumbani mwa mgonjwa Mkristo pamoja na msalaba.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mtu wetu akifa Dar es Salaam, sanduku lake hupandishwa mwendo wa kilomita zaidi ya 500 ili alazwe kwenye kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, na msafara ukiwasili turubai limekwisha kusimamishwa (sisemi ni haramu, mvua ya Rombo haina huruma), michango imesomwa kwa majina kutoka daftari la rambirambi, na nyimbo za kwaya zinasikika hadi barabarani. Siku chache baadaye turubai linashushwa, masufuria yanarudishwa kwa wenyewe, wageni wanadamka kuwahi basi. Mjane anabaki na deni, na watoto, na shemeji zake wanaopima mpaka wa kihamba kwa macho. Yule aliyesoma somo la ufufuko kwa sauti nzuri siku ya mazishi, kisha akamnyang'anya mke wa nduguye migomba yake kabla ya arobaini, amelikana somo lile wazi kuliko mpagani asiyelisikia.

Kwa hiyo jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo hujaa siku ya maziko na kupungua baada yake, zijiwekee zamu ya kumtembelea mjane kwa miezi, si kwa siku. Anayejua kusoma karatasi afuatane naye hadi Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, na mwenye uwezo alipe ada ya shule ya muhula mmoja bila kuitangaza kanisani. Na ukoo ukitaka kukaa kikao juu ya kihamba cha marehemu, kikao hicho kikaliwe mchana, mbele ya mashahidi, mjane akiwa ameketi miongoni mwa wasemaji wala si jikoni akiwapikia.