Kiraka Alipoitwa Saa Sita Mchana

Alhamisi ya tarehe 23 Desemba 2021, Kathy Voytko alifika kazini New York saa sita mchana bila kujua usiku ule angecheza nafasi gani, au kama angecheza kabisa. Ukumbi ulikuwa Winter Garden. Mchezo ulikuwa The Music Man, mchezo wa nyimbo wa Meredith Willson uliopanda Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na waliowafanya watu wagombanie tiketi walikuwa wawili: Hugh Jackman na Sutton Foster. Siku hiyo Foster alipimwa akakutwa na UVIKO-19. Voytko alikuwa na nafasi nane kichwani na angeweza kupangwa kwa yoyote. Akaambiwa leo ni ya Foster mwenyewe: Marian, mkutubi, mhusika mkuu wa kike. Saa saba akaanza zoezi lake la kwanza kabisa la nafasi hiyo. Usiku akapanda jukwaani, akaimba na kucheza mpaka mwisho.

Wakati wa kuwaaga watazamaji, Jackman alituliza makofi akaeleza yaliyotokea tangu mchana. Alisema watu kama Kathy hujifunza wakiwa wamekaa pembeni mwa chumba, wakitazama wenzao wakirudiarudia, na kwamba wao ndio msingi wa Broadway. Video ile ilizunguka dunia nzima. Wengi waliipokea kama habari ya ushujaa, na ushujaa upo, wala simnyimi mtu haki yake. Lakini mimi ninayeongoza kikundi kidogo cha maigizo Dar es Salaam niliiona na kusahau sehemu iliyonihusu, na baadaye nikailipia. Ndiyo maana nasimulia.

Wapenzi wa soka wa Tanzania wana neno zuri: kiraka. Erasto Nyoni alicheza beki wa pembeni, akacheza beki wa kati, akacheza kiungo, na jina hilo tulimpa kwa heshima. Kwenye michezo ya nyimbo ya Broadway wapo watu wa namna hiyo. Si sawa na mwigizaji wa akiba wa kawaida, ambaye kila usiku ana nafasi yake ndogo jukwaani na pembeni amejifunza nafasi ya mkubwa. Kiraka hana nafasi yake. Anakaa nyuma ya pazia onyesho zima, na kichwani amebeba watu sita, wanane, hata zaidi.

Anawabebaje? Ana daftari. Kila sehemu ya mchezo ina ukurasa wake, kila ukurasa una mchoro wa jukwaa, na kila mwigizaji ana rangi yake. Humo ameandika nani anapita mbele ya nani, nani anapokea kiti kutoka mkono upi, nani anaimba sauti ya chini wakati wengine wanapanda. Kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa kuna namba: sifuri katikati, kisha mbili, nne, sita kwenda kila upande. Mchezaji anajua kwamba ubeti huu unamkuta kwenye nane ya kushoto na unaofuata kwenye mbili ya kulia. Kiraka anapaswa kuzijua namba za watu wote, maana akichelewa nusu hatua, mwenzake anayekuja kasi akitazama pembeni atamgonga. Watazamaji hawayaoni haya. Wakiyaona, ujue yameharibika.

Desturi ya kazi hii ni kwamba mazoezi ya akiba na viraka huanza baada ya mchezo kuzinduliwa rasmi. Sababu ni muda na fedha. Kabla ya uzinduzi, mwongozaji bado anabadilisha mambo, mafundi wa taa na sauti wanalihitaji jukwaa, na hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha mtu ambaye huenda asiitwe. Mchezo ukishatulia, meneja wa jukwaa huwaita akiba mchana, wanafanya zoezi kwa nguo zao za kawaida na kinanda kimoja. The Music Man ilikuwa ndiyo kwanza imeanza maonyesho ya majaribio tarehe 20 Desemba, na uzinduzi rasmi ulikuwa Februari 2022. Kwa hiyo Voytko hakuwa amezembea, wala mabosi wake hawakuwa wamefanya lolote la ajabu. Walifuata desturi. Desturi hiyo ilitungwa kwa dunia ambayo mwigizaji mmoja anaugua mafua, mwenzake anamshikia siku mbili. Omikroni, aina ya virusi vya UVIKO-19 iliyokuwa inaenea wakati ule, haikuja kumchukua mmoja.

Wiki zile Broadway ilipigwa vibaya, na hii ni baada ya kumbi zake 41 kufungwa tangu tarehe 12 Machi 2020 na kukaa kimya mwaka mzima na zaidi. Hamilton, The Lion King na Aladdin, michezo yenye fedha, ilifuta maonyesho ya msimu wa Krismasi. Jagged Little Pill ilifungwa moja kwa moja. Kilichoniuma zaidi ni Thoughts of a Colored Man, mchezo kuhusu wanaume weusi wa Brooklyn katika siku moja ya maisha yao. Ulielemewa na wagonjwa mpaka mtunzi wake, Keenan Scott II, akapanda jukwaani mwenyewe kujaza pengo. Haikusaidia. Haukuvuka hata mwaka ule, na ulikuwa umezinduliwa Oktoba tu. Fikiria kazi ya miaka inavyokatika hivyo, na mtunzi akiwa amevaa maleba ya mwigizaji wake.

Hata The Music Man haikupona. Siku tano baada ya usiku wa Voytko, Jackman naye alikutwa na virusi, maonyesho yakasimama mpaka mwaka mpya.

Wapo waliochagua kupumzika. Mrs. Doubtfire ilisimama Januari 2022, ikarudi Aprili, ikafungwa mwishoni mwa Mei. To Kill a Mockingbird nayo ilisimama Januari kwa ahadi ya kurudi, haikurudi tena Broadway. Sisemi mapumziko ni kosa. Nasema mchezo uliolala haulindwi na ahadi: waigizaji wanapata kazi nyingine, watazamaji wanazoea kukaa nyumbani, na kodi ya ukumbi haipumziki.

Wengine walitafuta mbali mtu wa kuziba pengo. Wicked ilimrudisha Carla Stickler, ambaye zamani aliwahi kucheza Elphaba, yule mchawi wa kijani, kisha akaacha jukwaa akawa mhandisi wa programu za kompyuta Chicago. Miaka saba ilikuwa imepita tangu aicheze nafasi ile. Januari 2022 akapanda ndege, akapakwa rangi ya kijani, akaimba. Mtu aliyefundishwa vizuri habebi nafasi kwa msimu mmoja tu. Ninapoambiwa kwamba kumfundisha akiba ni kupoteza fedha, humkumbuka huyu dada.

London nako kulikuwa na mafunzo mawili, na yanapingana. The Mousetrap, uliochezwa bila kukoma tangu 1952 mpaka kumbi zilipofungwa Machi 2020, ulirudi tarehe 17 Mei 2021 ukiwa na vikosi viwili kamili vinavyopokezana. Kikosi kimoja kikiingiwa na ugonjwa, kingine kipo. Ni kweli una wahusika wanane tu, kwa hiyo kuwalipa wawiliwawili kunawezekana. Mchezo wa watu 40 usingeweza. Miezi miwili baadaye, Julai, Cinderella ya Andrew Lloyd Webber ilikuwa tayari kwa uzinduzi. Kipimo cha mtu mmoja kikawafungia mlango, kwa sababu sheria za kujitenga za wakati ule zilimgusa kila aliyemkaribia mgonjwa. Uzinduzi ukasogezwa hadi Agosti. Hapo hata kiraka bora asingefaa kitu, maana naye hufanya mazoezi katika chumba kilekile na watu walewale. Akiba anayekula sahani moja na kikosi si akiba kamili.

Ila kuna jambo lililonisumbua kuliko virusi. Desemba ileile, Charlotte St. Martin, aliyekuwa mkuu wa Broadway League, umoja wa wenye kumbi na watayarishaji, alihojiwa na jarida la The Hollywood Reporter kuhusu michezo iliyokuwa inafutwa. Akagusia kwamba huenda baadhi ya michezo mipya ina akiba wasiozimudu nafasi kama wakubwa wao. Akiba na viraka wakaungua mioyo. Walikuwa wanapimwa kila mara, wanaitwa asubuhi kucheza jioni, wengine wanabeba nafasi mbili kwa usiku mmoja, halafu lawama inawashukia wao. Aliomba radhi, na nadhani alifanya vyema. Lakini neno lile lilikuwa limeshatoka kwenye kinywa cha mkuu, na ni neno ambalo wengi wetu tunalo kifuani hata kama hatulisemi.

Nami nililisema.

Ilikuwa Januari 2024, wakati ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam. Kikundi chetu cha watu kumi na mmoja kilikuwa na onyesho Jumamosi, tamthilia kuhusu familia inayogombea mirathi, ukumbi tumeukodi na tiketi tumeshauza. Jumatano mama anayecheza mjane akaja mazoezini amevaa miwani nyeusi. Akaivua. Jicho la kulia lilikuwa limevimba, linatoa machozi.

Tulikuwa na binti anayeshika daftari. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda kando ya jukwaa, kufuata maneno kwa kidole, na kumtupia mwigizaji neno akikwama. Miezi mitatu alikuwa hajakosa zoezi. Akaniambia taratibu, wengine wasisikie: "Mwalimu, nafasi ya mama mimi naijua yote."

Nikamjibu: "Wewe shika daftari kwanza, mdogo wangu."

Sikumwambia kwa ukali. Ndicho kinachoniuma. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayejua. Nikamwomba mama avumilie, aigize na miwani, tutasema mjane amelia sana. Na wote kikundini tulikuwa na wanja mmoja. Penseli moja, imechongwa mpaka imebaki ya kidole, inazunguka mbele ya kioo kimoja kutoka jicho hadi jicho. Taulo la kufutia vipodozi nalo lilikuwa moja. Ijumaa jioni wanne walikuwa na macho mekundu. Jumamosi asubuhi wakawa sita.

Tulisimama mlangoni jioni ile kurudisha fedha. Wengine walipokea kwa moyo mzuri. Baba mmoja aliyekuja na watoto wake watatu kutoka Mbagala hakusema kitu, alinitazama tu, akawageuza watoto. Fedha ya ukumbi haikurudi. Binti alikuwa ndani anakunja maleba. Nilimsikia kupitia mlango ulioachwa wazi: alikuwa anasema maneno ya mjane, ile sehemu ya pili ambapo anawaambia shemeji zake watoke nyumbani kwake, neno kwa neno, na pumziko mahali pake. Hakuwa anamsemea mtu. Nilisimama pale mpaka akamaliza, nikashindwa kuingia.

Ilinichukua wiki kwenda kumwomba radhi. Mama yake alinikaribisha chai, na binti akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Yameisha, Mwalimu." Akaongeza kwamba kama nataka acheze, nimpe mazoezi kama wengine, asije akaitwa siku ya moto.

Sasa Alhamisi ni siku ya akiba, na tunaianza tangu wiki ya pili ya mazoezi, hatusubiri mchezo utulie. Kila mmoja ana wanja wake na kitambaa chake ndani ya bahasha yenye jina. Akiba akipanda, mwenye nafasi anashuka kukaa kwenye kigoda na kushika daftari, na nililotegemea lingeleta manung'uniko halikuleta. Alhamisi ya kwanza mama anayecheza mjane alivaa miwani ya kusomea, akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari. Binti alienda vizuri mpaka kwenye kuwafukuza shemeji, akakwama. Mama hakuinua kichwa. Alimtupia neno moja kwa sauti ya chini, binti akalidaka, akaendelea.